Mkaguzi Aliyemwita Kinyozi

Walimu waliitwa maktaba mmoja mmoja kupokea mrejesho wao, na Kengele aliingia bila wasiwasi wowote. Miaka yote aliyofundisha hesabu katika shule ile, hakuna mkaguzi aliyewahi kutoka darasani kwake bila kumsifu. Jina hilo la Kengele alipewa na wanafunzi, kwa sababu sauti yake ikianza tu, hata madarasa ya upande wa pili wa uwanja yalijua kipindi kimeanza. Walimu wenzake wakalidaka, na mwisho mwalimu mkuu mwenyewe akawa anamwita hivyohivyo mbele ya wazazi.

Mkaguzi wa safari hii alikuwa mwanamke kama yeye, wa rika lake, mrefu, na suti yake ya kijivu ilimkaa kama ameshonewa akiwa amesimama ndani yake. Alimwonyesha kiti, akasogeza karatasi zake, akamwangalia usoni kwanza kabla ya kusema lolote.

"Somo lako unalijua, mwalimu, na unalipenda. Hilo linaonekana hata ukiwa umekaa nyuma kabisa," alisema. "Ila nataka nikuulize. Leo asubuhi mle darasani, nani alikuwa anafikiri?"

Kengele alicheka kidogo. "Wanafunzi. Nani tena?"

"Wewe." Mkaguzi hakupandisha sauti. "Uliwauliza kwa nini nusu ni kubwa kuliko theluthi wakati mbili ni ndogo kuliko tatu. Swali zuri sana. Ukalijibu mwenyewe kabla mtoto hajafungua mdomo. Ukauliza jingine, nalo ukalijibu. Kuna msichana amekaa dirishani, aliinua mkono, akaushusha, akauinua tena. Mwisho aliutumia kuegemeza shavu. Sauti yako ni nzuri, mwalimu, lakini imejaa chumba kizima. Watoto hawana pa kuingilia."

Masikio ya Kengele yaliwaka moto. Alitaka kusema kwamba darasa limefurika, kwamba mada ni nyingi na muhula ni mfupi, kwamba ukiwasubiri watoto wa siku hizi utafika Desemba bado uko ukurasa wa kwanza. Badala yake alijikuta akisema matokeo ya hesabu ndiyo yanayoongoza pale shuleni.

"Najua. Nimeyaona, na nimeyaandika pia," alijibu mkaguzi.

Hakuyasema kwa kejeli. Angekejeli ingekuwa nafuu, Kengele angepata pa kumshikia. Aliisaini karatasi aliyowekewa mbele, akashukuru kwa mdomo tu, akainuka.

Mlangoni alipishana na Mpole, mwalimu wa sayansi, vidole bado vyeupe kwa chaki. Huyu ndiye aliyekuwa mchumba wake. Jumamosi ya wiki hiyohiyo wazee wa pande mbili walikuwa wakutane nyumbani kwa mama yake Mpole kupanga siku ya harusi. Kengele alimtazama kwa macho ya kutaka kuhurumiwa, na Mpole akafungua mdomo amuulize kumetokea nini. Lakini sauti kutoka ndani ilimwahi.

"Karibu, Kinyozi."

Mpole aligeuza kichwa haraka. Uso wake ulibadilika, ukawa kama wa kijana ambaye Kengele hakuwahi kumjua. Akaingia, mlango ukafungwa.

Kengele alibaki kwenye korido, madaftari yamembana kifuani. Kinyozi? Alijua jina lake la shuleni, la nyumbani, na lile ambalo bibi yake alimwita alipokuwa mdogo. Hilo la Kinyozi hakulijua. Na wakati bado anajiuliza, akamsikia Mpole akicheka mle ndani. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha kutoka tumboni, cha mtu anayeegemea kiti mpaka miguu ya mbele inainuka. Tangu wajuane, Mpole alikuwa mtu wa kutabasamu. Kengele hakujua kwamba anaweza kucheka vile.

Chumba cha walimu kilikuwa kama chumba cha kusubiria daktari. Mwalimu wa historia, aliyebakiza muda mchache astaafu, alikuwa anakunywa chai yake akisema wakaguzi ni kama mvua, unatafuta pa kujibanza mpaka ipite. Mwalimu wa lugha alikuwa amesifiwa, basi alimsimulia kila aingiaye neno kwa neno. Kijana mmoja mgeni wa kazi alikuwa ameinamia meza anaandika upya andalio la somo la kesho, na hakuna aliyetaka kumsemesha kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu.

Kengele alikaa karibu na rafiki yake, mwalimu wa jiografia, aliyesoma chuo kimoja na Mpole. Hakumwambia aliyoambiwa. Alimuuliza tu kama wakati wanasoma chuo, Mpole aliwahi kuitwa Kinyozi.

Shoga yake aliweka kikombe chini. Alisita, akatazama mlango, kisha akaona hakuna namna. Akamweleza kwamba yule mkaguzi naye alikuwa chuo hichohicho, mwaka mmoja na Mpole. Walikuwa hawaachani, ukimwona huyu ujue yule yuko nyuma anakuja. Likizo walikwenda pamoja kumsalimia mama yake Mpole, na mama huyo alikuwa akimwita mkwe hadharani. Halafu binti akapata nafasi ya kwenda kusoma zaidi, mbali, na mambo yakaishia hapo. Nani alimwacha mwenzake, shoga hakujua. Alichojua ni kwamba Mpole alikaa mwaka mzima hasemi na mtu.

Hapo ndipo maneno ya maktaba yalipobadilika sura. Kumbe, alijisemea Kengele. Kumbe ndiyo maana. Mpenzi wa zamani anakuja na kalamu ya serikali, anamkuta mwingine kwenye kiti chake, unategemea ataandika nini? Wazo hilo lilimtia uchungu, lakini lilimpa ahueni pia, kwa sababu kama kalamu iliandika kwa wivu, basi somo lake halikuwa na kasoro.

Jioni walitoka pamoja kama kawaida. Njia yao ilipita kando ya ukuta wa kiwanda, mahali penye kelele za mashine mchana na kimya baada ya kazi. Kengele alitembea hatua mbili mbele. Mpole alimuuliza kama anaumwa. Alimuuliza kama amechoka. Akamwambia kwamba alikusudia kumweleza kuhusu yule mkaguzi, ila hakujua kama angekuja yeye, walimu hawakuambiwa majina.

"Ulimpenda sana?" Kengele aliuliza bila kugeuka. "Ulimpenda. Si nimesikia ulivyocheka. Na bado unampenda? Bado. Ungekuwa humpendi usingenificha."

Mpole alinyamaza.

"Si unaona? Umenyamaza."

"Hujanipa nafasi ya kusema," alijibu taratibu. "Umeuliza, umejibu, umenihukumu."

Kengele alisimama pale pale. Maneno yalikuwa ya Mpole lakini aliyasikia kwa sauti ya mkaguzi.

"Amekuhadithia," alisema. "Mmekaa mle ndani mkanisema mimi."

"Hatukukusema. Kwani amekwambia nini?"

Kengele akamweleza. Alimweleza yote, ya nusu na theluthi, ya msichana wa dirishani, ya chumba kilichojaa sauti. Aliiga hata namna mkaguzi alivyosogeza karatasi. Aliongeza kwamba yeye si mtoto, anajua mwanamke mwenye donge moyoni anavyoonekana. Kisha akangoja. Alikuwa anangoja Mpole aseme neno moja tu, kwamba yule mwanamke ni mwongo. Alikuwa amekwisha kujiandaa kulipokea na kusamehe yote.

Mpole alitazama viatu vyake. Kisha akatazama ukuta wa kiwanda.

"Sema basi," Kengele alimwambia. "Ni kweli?"

"Mara nyingine," alisema Mpole.

"Mara nyingine nini?"

"Mara nyingine ni kweli. Darasa langu liko jirani na lako. Nakusikia."

"Tangu lini?"

"Tangu nihamie shule hii."

Kengele alihisi kama ardhi imehama kidogo kwa chini. Kwa mkaguzi alikuwa ameumia, ndiyo, lakini kwa mkaguzi alikuwa na ngao. Hapa hakuwa na kitu. Mtu huyu amekuwa akiketi naye kila mapumziko, amekuwa akimsikiliza akijisifia vipindi vyake, anatikisa kichwa, anasema vizuri, mpenzi, vizuri sana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa naogopa kukuumiza. Nakupenda."

"Wewe unayenipenda umenificha," Kengele alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo. "Asiyenipenda ndiye aliyeniambia. Sasa nani kati yenu aniheshimuye?"

Hakungoja jibu. Alivuka barabara akijifuta macho, akaingia njia ya kwao, na Mpole hakumfuata. Usiku huo wivu ulimlaza macho wazi, lakini ulikuwa wivu wa namna ambayo hakuwahi kuisikia ikisimuliwa. Hakumwonea yule mwanamke wivu kwa urefu wake, wala suti yake, wala cheo. Alimwonea wivu kwa sababu Mpole anaweza kucheka mbele yake, na kwa sababu mbele yake hakuna anayejificha.

Siku iliyofuata aliingia darasani akiwa amepania. Alikusudia kufundisha kama alivyofundisha siku zote, na kwa sauti zaidi, ili yeyote apitaye korido asikie. Aliandika ubaoni, akageuka, akauliza tena lile swali la nusu na theluthi. Jibu lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi. Ndipo alipouona ule mkono wa dirishani ukiinuka, nusu tu, kiwiko bado kwenye dawati, kama mkono wa mtu anayejua hataitwa.

Kengele alifunga mdomo. Kimya kilichofuata kilimchoma. Alisikia kiti kikilia, mtu akikohoa, fundi akigonga bati huko nje. Mikono yake haikujua iwekwe wapi. Alitaka kusema chochote.

"Wewe wa dirishani," alisema hatimaye.

Msichana alisimama. "Theluthi ni ndogo kwa sababu mmekaa wengi kwenye mkate mmoja. Mkiwa wengi kila mtu anapata kidogo. Ile tatu si ukubwa, madamu. Ni watu."

Mvulana wa nyuma akasema hapana, inategemea mkate wenyewe ni mkubwa kiasi gani. Mwingine akamkatalia. Wa mbele akageuka kuwasikiliza. Ubishi ulienea darasa zima, na Kengele alisimama kando ya ubao akisikiliza watoto wake wakifanya hesabu kwa midomo yao wenyewe, wala hawakumhitaji kwa dakika kadhaa.

Mwalimu mwingine angefurahi. Kengele alitoka kwenye kipindi kile na hasira mpya. Kwa hiyo yule mwanamke alikuwa sahihi. Amechukua kicheko cha mchumba wake, na sasa amechukua na darasa lake.

Mchana alikuwa ameahidi kupita kwa mama yake Mpole kuangalia viti vya Jumamosi na kupima mapazia. Alifikiria kutokwenda, ila akaona asipokwenda atakuwa amewaachia uwanja. Alipofika, gari la wakaguzi lilikuwa limeegeshwa langoni.

Mama yake Mpole alikuwa mjane mnadhifu, mtu wa maneno machache na vyombo vinavyong'aa. Kengele alikuwa amekwisha kuzoea kupokewa kwa salamu fupi na kiti cha pembeni. Leo alimkuta jikoni, kanga imelegea begani, anacheka mpaka anajifuta machozi, na mkaguzi amekaa mezani pake, bila koti, mikono ya shati imekunjwa.

"Shikamoo, mama," Kengele alisema.

"Marahaba. Karibu. Mwenzio si mgeni, mmekwisha kuonana huko kazini." Akageuka kuendelea pale alipoishia. Alikuwa anahadithia jinsi kijana wake alivyojifanya fundi wa nywele huko chuo, akawanyoa wenzake bweni zima, na huyu hapa ndiye aliyemfundisha kushika mkasi, maana kichwa cha kwanza alikinyoa kikawa kama shamba lililoliwa na mbuzi.

Kwa hiyo Kinyozi ni hilo. Kengele alitabasamu kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Akaambiwa kwamba mama amesikia habari za ukaguzi. Akaambiwa, huku sukari ikikorogwa, kwamba kusahihishwa si aibu, na kwamba mama mwenyewe amekuwa akimwambia kijana wake siku zote kuwa nyumba inataka mwanamke mtulivu. Kikombe cha chai kiliwekwa mbele yake. Hakukigusa.

Mkaguzi alisimama. Alikusanya vyombo vichafu, akasema anakwenda kuviosha, na mwenye nyumba alipomzuia akamwambia hapa ni nyumbani. Alipopita karibu na Kengele akamwambia kwa sauti ya chini, "Njoo unisaidie, mwalimu."

Bomba lilikuwa nyuma ya jiko, chini ya dirisha. Kengele alimfuata akiwa amekunja mikono, hakushika chombo hata kimoja.

"Uliniandika vile kwa sababu yake?" aliuliza. Na safari hii alinyamaza, akamwachia swali lake.

Mkaguzi alifungua maji, akayafunga tena.

"Nilipokaa darasani kwako sikujua wewe ni nani. Mwalimu mkuu ndiye aliyeniambia wakati wa chai, kwa furaha kabisa, kwamba mwalimu wa hesabu na mwalimu wa sayansi wanaoana. Nikaenda nikakaa ndani ya gari na yale niliyokwisha kuandika. Nilitaka kuyapaka asali, asije akatokea mtu wa kusema nimekuonea wivu. Halafu nikaona nikifanya hivyo ndipo nitakuwa nimekuonea kweli. Nikayaacha."

"Na wivu hukuwa nao."

"Nilikuwa nao." Alilisema akimtazama machoni. "Nilikuwa nao baadaye. Alipoingia maktaba nilimwita lile jina kusudi, kwa sababu ulikuwa bado mlangoni. Nilitaka ulisikie. Lilikuwa jambo la kitoto, na kwa hilo naomba unisamehe. La somo siombi msamaha."

Kengele alimwangalia mwanamke huyu, mabega yake yaliyoshuka kidogo, na akajua kwamba hana hila. Hilo halikupunguza donge. Lilimfanya tu asiwe na mtu wa kulitupia.

"Mlicheka nini mle ndani?" aliuliza.

"Alicheka yeye. Nilimwambia darasa lake lina upendo mwingi na makosa mengi. Mtoto akijibu ovyo, anamwambia vizuri, umejaribu, anapita. Anaogopa kumuumiza. Nikamwambia anawapenda mpaka anawaachia ujinga wao." Alisuuza kikombe polepole. "Alicheka kwa sababu nilimwambia hivyohivyo siku niliyomwacha. Mama huyu alikuwa anampangia maisha, mimi nilikuwa nampangia maisha, naye anatuambia sote sawa. Nilichoka kuishi na mtu ambaye sijui anataka nini."

Hapo mlango wa mbele ulilia, na sauti ya Mpole ikasikika ikibisha hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mama yake alikuwa amemwita aje amwone mgeni. Dirisha la jiko lilikuwa wazi juu ya vichwa vya wanawake wawili, na mama hakujua kama wanasikia, au alijua.

"Kaa," walimsikia akisema. "Wako nje wanaosha vyombo. Mwanangu, mimi ni mama yako, sikufichi. Mwenzio amerudi mjini, na nimemuuliza, hajaolewa. Hebu tuwaombe wale watu wa Jumamosi wangoje kidogo. Sisemi muachane. Nasema mngoje."

Kengele alishika ukingo wa beseni. Alilijua jibu. Mpole alikuwa na neno moja la kumjibu mama yake kwa kila jambo, tutaona, mama, na kwa neno hilo mwaka mzima umepita bila siku ya harusi kutajwa. Alilingoja neno hilo kama mtu anayengoja sindano. Pembeni yake mkaguzi naye alikuwa ameacha kuosha.

Ndani, kikombe kiliwekwa mezani.

"Hapana, mama," Mpole alisema.

"Hapana nini?"

"Hatungoji. Nimekuwa nikikwambia tutaona kwa sababu sipendi kukuona umenuna. Nikamwambia na yeye uongo, kwa sababu sipendi kumwona analia. Jana nimemwona analia hata hivyo. Jumamosi wazee wanakuja, na ninayemwoa ni yule."

"Yule mwenye makelele?"

"Huyohuyo mwenye makelele. Tangu baba afariki, mimi na wewe tunaishi humu kama wageni wa hoteli. Tunapitishiana chumvi, tunakwenda kulala. Nataka nyumba yangu isikike, mama. Ukikasirika, kasirika. Kesho asubuhi nitakusalimia kama kawaida, na keshokutwa pia, mpaka hasira ziishe."

Hakuna kilichosikika tena isipokuwa kiti kusogezwa. Mkaguzi alijifuta mikono kwenye sketi yake ya suti, kitu ambacho Kengele hakutegemea kukiona. Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo. Aliingia ndani, akasikika akiaga kwa adabu, akisema dereva anamsubiri. Hakurudi nyuma ya jiko. Baada ya muda gari likanguruma langoni, likaondoka.

Mpole alitoka nje. Alisimama upande wa pili wa beseni, mikono mfukoni, uso wa mtu aliyebeba mzigo umbali mrefu na bado hajui autue wapi. Kengele alitamani kumkumbatia. Alitamani pia kumrushia beseni zima la maji.

"Umesikia," alisema Mpole.

"Nimesikia."

"Nina mengine ya kukwambia. Mengi. Sijui nianzie wapi."

"Nitakuuliza mimi moja. Nataka jibu la kweli, na nitanyamaza mpaka ulitoe." Kengele alivuta pumzi. "Huwa unamkumbuka?"

Mpole hakutazama viatu. Ndani, mama yake alikuwa ameanza kugongagonga masufuria, kila moja kwa nguvu kuliko lililotangulia. Kengele alibana meno. Kila sekunde ilimtuma ajibu mwenyewe, amalize, aondoke na ushindi wake mkononi. Akanyamaza.

"Mara mojamoja," alisema Mpole. "Sio kumtaka. Namkumbuka tu, nikipita mahali, nikisikia wimbo. Sitakwambia kwamba imekwisha kabisa, kwa sababu sijui kama mambo kama hayo huwa yanakwisha. Lakini nikiamka asubuhi nakuwaza wewe. Jana usiku sikulala kwa ajili yako wewe."

Iliuma. Kengele alidhani ukweli ukitoka mdomoni mwa Mpole utamtuliza, kumbe ulimchoma palepale ambapo wivu ulikuwa umekaa tangu jana, na wivu haukutoka. Ulikaa vizuri zaidi, kama mgeni aliyeonyeshwa chumba chake. Lakini alijua sasa kitu kimoja ambacho jana hakukijua: mtu huyu akimwambia kesho kwamba anampenda, atakuwa anasema kweli.

Alizunguka beseni, akaushika mkono wake. Alimbana vidole kwa nguvu, kisha kwa nguvu zaidi, mifupa ikagusana.

"Unaniumiza," alisema Mpole.

"Najua," alisema Kengele, na hakumwachia.